Pemba Ndani ya Mushipa

Banza alianguka kati ya baiskeli mbili. Simone, mukewe, alisikia kwanza kelele za chuma, kisha mutu akiita jina lake, na alipoinua kichwa alimuona mume wake amekaa chini kwenye vumbi la soko la Kabuta, mukono umebana kifua, mudomo wazi na sauti haitoki.

Banza alikuwa fundi. Kule Katanga, ku Kongo, kabla ya vita kuwafukuza, alikuwa anaunganisha vyuma kwenye mugodi. Hapa pembeni ya ziwa Mweru alikuwa anatengeneza baiskeli za wale wanaobeba samaki kuwapeleka vijiji vya ndani. Simone alikuwa na meza yake ngambo ya njia. Aliuza unga wa muhogo, na aliuza pemba, ule udongo mweupe mugumu ambao wanawake wenye mimba wanaununua vipande vipande na kuutafuna. Walikutana hapa Zambia, yeye mujane na Banza mujane, wakafunga ndoa na kujenga nyumba ya matofali ku Kafutuma.

Simone alivuka njia mbio.

"Papa, kuko nini?"

"Kifua," Banza akasema. "Iko kama batu banasimama juu yake."

Upepo wa ziwa ulikuwa baridi asubuhi ile, na bado jasho lilikuwa linamutoka Banza mpaka shati limeshikana na mugongo. Eness, Mubemba aliyeuza dagaa kavu karibu na Simone, aliacha biashara yake. Alikimbia katikati ya barabara, akasimama mbele ya gari la mununuzi wa samaki na kupanua mikono mpaka dereva akafunga breki na kumutukana. Eness naye akamutukana. Halafu wakashusha makreti ya samaki na kumulaza Banza mahali pake.

Kwenye hospitali ya Nchelenge, muuguzi anayeitwa Jairos alimubandika Banza nyaya kifuani, na mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Jairos alikulia ufukweni na alijua Kiswahili cha biashara. Alimupa Banza kidonge cha kutafuna, kisha akamugeukia Simone.

"Ni moyo, mama. Mushipa moja yenye kupeleka damu mu moyo imezibika."

"Atapona?"

"Amefika mbio, hiyo ni muzuri. Tunamupatia dawa ya kufungua. Lakini asiinuke. Hata ku choo, asiende na miguu yake."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamuke kijana, Dokta Kafula, mwenye viatu vya mpira na sura ya mutu ambaye hajalala vizuri tangu Krismasi. Alisoma ile karatasi, akaagiza sindano, akaagiza picha ya kifua, akaenda. Alisema Kiingereza na Jairos, na Kibemba na wagonjwa. Kibemba cha Simone kilikuwa cha soko tu. Alijua kusalimia, kutaja bei na kugombana.

Kesho yake Banza alikuwa anapumua vizuri zaidi. Na ndiyo siku Méschac alifika.

Méschac alikuwa mudogo wa Banza, wa tumbo moja. Alikuwa muzee wa kanisa na mutu wa kuvaa koti hata wakati wa joto. Hakuipenda ndoa ya Simone tangu mwanzo, maana alitaka kaka yake aoe mudogo wa marehemu muke wake wa kwanza, ili ukoo usivunjike. Banza alikataa. Méschac alikubali kwa mudomo.

Alipofika, Simone alikuwa nyuma ya hospitali, kwenye kibanda ambapo wanaouguza wagonjwa wanapika. Alikuwa anakoroga uji bila chumvi, kama alivyoambiwa. Kwa hiyo ni Méschac aliyekuwa pembeni ya kitanda wakati Dokta Kafula alipita, akainua picha ya kifua mbele ya dirisha na kuitazama. Méschac alijua Kibemba kizuri. Akauliza ule mustari mweupe karibu na moyo ni nini.

"Ni mushipa mukubwa wa damu," daktari akajibu kwa Kibemba. "Umekuwa mugumu. Umeshika pemba."

Akaitwa wodi ya wazazi, na akaenda mbio.

Kwa Kibemba na kwa Kiswahili chetu neno hilo ni moja.

Simone alikuwa ameinama juu ya sufuria aliposikia mutu anamuita kutoka mbali. "Simone!" Hakuita shemeki, hakuita mama. Méschac alikuja na koti lake likipeperuka, akasimama ngambo ya moto.

"Ulimupatia yaya, kaka yangu mukubwa, nini?"

"Uji. Haina chumvi."

"Sisemi uji! Nasema pemba! Munganga mwenyewe, ule dokta, amesema, nimesikia na masikio yangu. Iko pemba mu mushipa ya moyo yake. Na nani anauzaka pemba ku Kabuta? Si ni wewe?"

Wanawake waliokuwa wanapika wakageuka. Mumoja akavuta sufuria yake pole pole, mbali na ya Simone.

"Méschac, chunga kinywa yako," Simone akasema. "Mutu anakula pemba, halafu inapanda mu moyo? Uliona wapi?"

"Unajua kupita munganga?"

"Sijui kupita munganga. Nakujua wewe."

"Muke wa kwanza alimupikia miaka yote, yaya hakugonjwa hata siku moja. Wewe unaingia, njo anaanguka mbele ya batu." Akageukia wale wanawake, kama mutu anayehubiri. "Muliona? Muko bashahidi!"

Simone alishika mwiko mpaka mukono ukamuuma. Alitaka kumwagia ule uji kwenye koti. Alijua akimumwagia, wale wote watasema wameona muchawi. Akamimina uji kwenye bakuli, akapita katikati yao bila kutazama mutu, akaenda wodini.

Banza alikuwa ameegemea mito. Simone akakaa, akachota uji, akapeleka kijiko mudomoni mwake. Banza hakufungua mudomo. Alikuwa anatazama kijiko.

"Papa, kula. Itapoa."

"Simone." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uniambie kweli. Mu chakula, hata siku moja tu, hukutia kitu?"

Maneno ya Méschac yalikuwa yamemuchoma Simone ngozi. Haya yaliingia ndani. Alimutazama mutu ambaye yeye alimufulia nguo, ambaye alimubeba kichwa mapajani juu ya gari la samaki akimuomba Mungu kwa lugha zote alizojua. Hakulia. Alirudisha kijiko kwenye bakuli, akasimama, akala uji wote mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimutazama machoni mpaka bakuli likaisha.

"Banza," akasema. Hajawahi kumuita kwa jina tupu namna ile. "Kama nilitaka ufe, ningekuacha ku soko."

Akatoka.

Jioni alikwenda Kafutuma kuchukua mashuka safi, kwa sababu hasira haizuii mugonjwa kuchafua mashuka. Alipanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, na njia nzima dereva wake hakumusemesha. Karibu na nyumba akaelewa kwa nini. Vitu vyake vilikuwa uani. Godoro limetupwa juu ya majivu. Sufuria, ndoo, nguo, gunia la unga limepasuka na kuku wanachimba ndani. Mulango umefungwa, na juu yake kufuli jipya ambalo si lake.

Majirani walisimama kwenye milango yao. Mama mumoja akasema kwa mbali, "Ni shemeki yako. Alisema nyumba ni ya ukoo. Alisema ulitaka kuua bwana yako."

"Na nyinyi mulisema nini?"

Milango ikaanza kufungwa, mumoja mumoja.

Nyumba ya ukoo! Yale matofali aliyafinyanga yeye na Banza, mvua ya kwanza ikayayeyusha, wakaanza tena. Maji ya udongo aliyabeba kichwani, na nywele za utosi zikakatika. Méschac alikuja mara moja tu wakati wa kujenga, akala, akaomba, akarudi kwake.

Simone hakwenda kutafuta mwenye kijiji wala pastori. Alichukua jembe lake kwenye vile vitu vya uani, akaligeuza upande wa chuma, akapiga kufuli. Kufuli halikuvunjika. Akapiga bawaba. Alipiga huku akipumua kwa kelele, na kila pigo alilitaja kwa jina: hili la Méschac, hili lenu nyinyi mulionyamaza, hili la Banza. La Banza lilikuwa kubwa kuliko yote. Ubao ukapasuka, mulango ukalala ndani. Akakokota godoro na kulirudisha, akarudisha sufuria, akafukuza kuku. Kisha akasimamisha mulango uliovunjika kwenye tundu lake, akauegemeza na jiwe, akalala ndani ya nyumba yake.

Asubuhi, njiani kurudi hospitali, alipita Kabuta. Meza yake ilikuwa miguu juu. Pemba yote ilikuwa imemwagwa barabarani, na baiskeli za samaki zilikuwa zinapita juu yake, magurudumu yamekuwa meupe. Msichana mumoja mwenye mimba kubwa, ambaye kila wiki alinunua kwake, alimuona, akatema mate chini, akageuka.

Eness alikuwa anamungojea.

"Ba Simone, shemeki yako alikuja kusema hapa, njo bakavunja meza; nilibapigia kelele. Bengine tunasali nabo pamoja. Hawakusikia." Akashusha sauti. "Toka hapa kwanza. Enda ku Puta, kwa dada yangu. Kaa kule mpaka maneno yapoe. Unajua vile batu banafanyia mutu wanayemuogopa. Banaanza na meza. Kisha banakuja na moto."

"Nikienda Puta, ni miye nilimuua, hata kama anaishi."

"Na ukikaa?"

"Nikikaa, nitagombana nabo."

Akainama, akaokota kipande kimoja cha pemba ambacho magurudumu hayajakisaga, akakifunga ndani ya kitenge, akaenda.

Dokta Kafula alikuwa amesimama kwenye baraza la hospitali, anakula maandazi haraka haraka. Jairos alikuwa pembeni yake. Simone akaweka kile kipande cha pemba juu ya ukuta mufupi wa baraza, mbele ya daktari.

"Jairos, umuambie hii njo pemba. Umuambie batu banasema yeye alisema hii iko mu moyo ya bwana yangu, na ni miye niliitia. Bamevunja meza yangu. Bametupa vitu vyangu inje. Bwana yangu mwenyewe ananiuliza kama nataka kumuua. Na hii yote ilitoka mu kinywa yake."

Jairos akatafsiri, kwa sauti ya chini. Daktari akakunja uso.

"Mayo, mama, pole sana," akasema. "Lakini mimi ninatibu wagonjwa. Siingii mambo ya familia."

Jairos alipomaliza kutafsiri, Simone hakusogea.

"Ameshaingia," akasema. "Aliingia na neno moja, akatoka na mulango mwingine. Tafsiri."

Jairos akasita.

"Tafsiri yote!"

Akatafsiri. Daktari akaacha kutafuna. Sasa naye akaanza kukasirika.

"Nani amesema nilisema hivyo? Nilisema mushipa umekuwa kama pemba. Mugumu, mweupe. Kama!"

"Hiyo 'kama' haikufika," Simone akasema. "Ilibakia mu njia. Akuye aseme tena, na aseme yote. Mbele ya Méschac, mbele ya Banza, mbele ya batu ya ile wodi."

"Kesho asubuhi, nikipita kuona wagonjwa."

"Hapana. Sasa. Usiku wa leo nani atachunga nyumba yangu? Yeye?"

Daktari akamutazama, akatazama kile kipande cha pemba. Akafunga andazi lililobaki ndani ya karatasi.

Ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa, na Méschac alikuwa pale, amekaa kwenye kiti cha Simone. Watu walijaa kati ya vitanda. Dokta Kafula alichukua picha ya kifua, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga wa nje upite ndani yake. Akaanza kusema kwa Kibemba, na Jairos akafuata nyuma yake kwa Kiswahili.

"Hapa ni moyo. Huu mushipa unaotoka juu yake ni mukubwa kuliko yote ya mwili, unapanda, halafu unapinda hapa kama mukono wa mwavuli. Munaona mustari mweupe kwenye kona? Huo nilisema ni kama pemba. Si pemba. Ni ukuta wa mushipa umekuwa mugumu kama mufupa. Na hakuna mutu anayeweza kuutia kwa chakula. Mwili wake wenyewe ulifanya."

"Mwili ufanye namna gani?" Méschac akauliza.

"Damu ikiwa na nguvu kupita kiasi, inapiga ukuta wa mushipa kila siku. Moshi wa sigara unauchubua. Mafuta yanaingia mahali pale pamechubuka. Mwili unajaribu kuponya kidonda, na kidogo kidogo unakuwa unaweka pale vitu vile vile vya kujenga mifupa. Huu mustari sio uliomuangusha. Uliozibika ni mushipa mudogo, wa moyo wenyewe. Lakini nikiona mukubwa uko hivi, najua na midogo imechoka vile vile."

"Inachukua wakati gani?" Swali hilo lilitoka kwa Simone, na Jairos hakungoja kuambiwa, akalipeleka.

"Miaka. Kumi, ishirini. Mara nyingine zaidi. Hii haikuanza mwaka huu, wala mwaka wa juzi." Daktari akamugeukia Banza. "Muzee, ulianza sigara wakati gani?"

Banza alitazama shuka. "Ku mugodi. Nilikuwa kijana."

"Na tansio, ile nguvu ya damu, walikuambia lini kwamba iko juu?"

Mugonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa kusikia vizuri.

"Kule kule Kongo," Banza akasema. "Mbele ya vita. Balinipatia vidonge. Nikaacha. Nilikuwa najisikia muzuri."

Simone alijua habari ya sigara, maana moshi hauwezi kufichwa kwa mutu anayefua mashati yako. Habari ya tansio alikuwa anaisikia leo, pamoja na wageni.

"Kongo," daktari akarudia. "Mama huyu ulikuwa unamujua?"

"Hapana. Nilikuwa sijamuona bado."

Minong'ono ilipita wodini. Méschac akakohoa.

"Lakini, munganga, samahani. Anauzaka pemba kweli. Haiwezi kuchanganyika mu damu?"

"Ukila pemba, inapita tumboni na inaishia chooni," Dokta Kafula akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mutu aliyechoka na Méschac. "Inakausha damu ya wanawake wenye mimba, ndiyo, na juu ya hilo mimi na huyu mama tutagombana siku nyingine. Lakini mumewe hakupatwa na kitu kwa mukono wake."

Watu wawili watatu wakacheka. Simone hakucheka. Daktari akabandua picha, akapita karibu naye, akasema maneno machache ya Kibemba ambayo hayakuhitaji Jairos: alisema siku ile alizungumza haraka, akaruka ile 'kama', na anaomba radhi.

"Nimesikia," Simone akajibu. Hakusema haidhuru. Ilikuwa imedhuru.

Méschac alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Bon. Tumesikia sisi bote. Mungu ni mukubwa." Akaelekea mulangoni. Simone alikuwa amesimama pale.

"Ulisema ku Kabuta," akamwambia. "Utarudi ku Kabuta kusema tena."

"Shemeki, mambo imeisha."

"Jana nilikuwa muchawi, leo niko shemeki? Vitu vyangu ulivitupa muchana, batu banaona. Uniombe musamaha muchana, batu banaona."

"Miye, muzee wa kanisa, nisimame mu soko kuomba muke musamaha?" Méschac akamutazama kama mutu aliyeambiwa atembee uchi. "Hapana. Hiyo hapana."

Akapita kwa upande, bega lake likagusa fremu ya mulango, akaenda.

Banza alikuwa anamungojea Simone kwa macho. "Mama," akasema, "unisamehe."

"Hapana."

"Nilikuwa na woga. Méschac alisema, na miye nilikuwa nalala hapa, najiuliza..."

"Ulijiuliza juu yangu. Juu ya sigara hukujiuliza. Juu ya tansio uliyoficha hukujiuliza. Ulikuwa na miaka yote ya kuniambia, papa, na hukuniambia, na siku ya kutafuta mwenye makosa unaniangalia miye." Akachukua kidonge kwenye kikombe kidogo cha dawa, akakiweka kwenye kiganja cha Banza. "Kunywa."

Akasimama pale mpaka akaona koo la mumewe limemeza.

Walimuruhusu Banza kutoka wiki iliyofuata, na mufuko wa dawa, na amri ya kutoinua kitu kizito, na siku ya kwenda Mansa kuonwa na daktari wa moyo. Eness aliwatafutia gari. Walipofika Kabuta, Banza akamuomba dereva asimame.

"Unataka nini?" Simone akauliza.

Banza alifungua mulango. Alishuka, akashika meza ya Simone, ambayo Eness alikuwa ameisimamisha tena. Ngozi ya uso ilikuwa ya majivu. Wale wa baiskeli walimuona fundi wao, wakaanza kusogea, na wanawake wa samaki nao wakaja.

"Mi ni Banza, munanijua," akasema. Sauti haikufika mbali, ikabidi wanyamaze ili wasikie. "Moyo yangu iliharibika na sigara na tansio. Tansio nilijua, nikaficha. Muke wangu hakunitia kitu. Na miye mwenyewe nilimuzania mubaya, njo aibu yangu. Mutu mwenye kuwa na neno, asiseme kwa Simone. Akuye kwangu."

Wengine waliitika. Wengine walitazama ziwa. Yule msichana mwenye mimba alikuwepo, akajificha nyuma ya mama yake. Hakuna aliyeuliza nani alivunja meza, na hakuna aliyejitaja. Eness peke yake alipiga makofi, mara moja, kwa nguvu, kama mutu anayeua mbu.

Banza akageuka kumuangalia mukewe. Alitumaini kuona kitu usoni mwake.

"Panda gari," Simone akasema. "Jua ni kali."

Alimutunza. Alipika bila chumvi, akahesabu dawa, akachoma sigara zilizobaki nyuma ya nyumba. Mulango aliutengeneza mwenyewe, kwa kuwa fundi hakuruhusiwa kushika nyundo. Na kila siku alimusemesha Banza mambo ya lazima tu: maji haya, kidonge hiki, sogea nifagie. Banza hakulalamika. Jioni alikaa inje kwenye kiti, na Simone alikaa karibu naye, lakini uso aliuelekeza njiani.

Siku moja alirudi kutoka shamba la muhogo akakuta kiti kitupu. Aliita ndani, aliita chooni. Jirani mumoja, wa wale walionyamaza, akanyoosha kidole upande wa nyumba ya Méschac.

Simone alikimbia na jembe begani. Alimukuta Banza njiani anarudi, anatembea kidogo, anasimama, anashika muti, anatembea tena.

"Una kichaa?" akapiga kelele kabla hajafika. "Munganga alisema nini? Unataka kufa mu njia, baseme tena ni miye?"

"Nilikwenda polepole."

"Polepole! Kwenda kufanya nini?"

Banza alivuta pumzi kwanza. "Nilikwenda kumwambia Méschac asikanyage kwetu. Hata nikifa, asikuye ku matanga, mpaka akuombe musamaha ku soko kwanza. Nimemwambia mbele ya bibi yake."

"Akasema nini?"

"Alifunga mulango."

Simone akatua jembe chini. "Alikufungia mulango? Wewe, mugonjwa, umetembea kwa ile moyo, akakufungia?" Akaokota jembe tena, akaanza kwenda upande wa nyumba ya Méschac, hatua kubwa, kitenge kikipiga miguu.

"Simone!" Banza akaita. "Mi siwezi kukufuata."

Alisimama. Alibaki pale katikati ya njia, mugongo kwake, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akarudi, akauchukua mukono wa mumewe na kuuweka begani mwake, wakaanza kwenda nyumbani. Alimutukana Méschac njia nzima, koti lake, uzee wake wa kanisa, kufuli lake. Alipomaliza na Méschac, akaanza na Banza, na tansio, na sigara za mugodi, na lile swali la pale kitandani, akimusimamisha kila mahali pa kivuli ili apumzike, akiendelea kusema, na hakunyamaza mpaka wakaingia ndani.